Walio Sawa Nami ni Akina Nani?

Ilikuwa siku ya vijana kwenye zahanati moja nje kidogo ya mji wa Tanga. Mabenchi yalikuwa yametolewa chini ya mwembe, wasichana upande huu, wavulana upande ule, na mbele yao amesimama mwelimisha rika, yaani mtu anayetakiwa kuwafundisha watu wa rika lake. Ni mwanamke ninayemheshimu sana. Kazi hii ameianza hajaolewa, na sasa binti yake yuko kidato cha pili. Mgongoni mwa fulana yake yameandikwa maneno mawili ya Kiingereza, “Peer Educator”, herufi zimeanza kubanduka kwa kufuliwa.

Alipomaliza somo akauliza kama kuna swali. Msichana mmoja wa benchi la nyuma, daftari limekunjwa mkononi, akanyoosha kidole.

“Shikamoo, mama. Samahani. Wewe ni rika la nani?”

Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza, maana yeye mwenyewe hakuwa anacheka. Mama yule hakukasirika. Alijibu, “Nilianza nikiwa rika lenu,” akageukia boksi la vipeperushi na kuanza kugawa.

Jibu lilikuwa la kweli, lakini swali halikuisha. Wiki zikapita na mimi bado nalo. Kila nilipoliweka kando lilirudi kwa sura nyingine: nani anaamua kwamba fulani ni sawa na mimi? Yeye, mimi, au aliyechapisha fulana?

Nikaanza kulifuatilia hilo neno la mgongoni, kwa sababu halikuzaliwa zahanati.

## Mabaroni wa 1215

Waingereza walilipata “peer” kwa Wafaransa, na Wafaransa kwenye Kilatini, ambako “par” ni sawa, aliyelingana na mwingine. Ufaransa ya zamani ilikuwa na wakuu 12 walioitwa hivyo: maaskofu 6 na watawala wa majimbo 6, akiwemo wa Normandy na wa Burgundy. Walikuwa sawa wao kwa wao. Nchi nzima iliyobaki haikuwa sawa nao.

Tarehe 15 Juni 1215, kwenye uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, mabaroni wenye silaha walimbana Mfalme John wa Uingereza mpaka akaukubali mkataba ambao baadaye uliitwa Magna Carta. Kifungu cha 39 ndicho kinachonukuliwa kila mahali: mtu huru hatakamatwa, hatafungwa wala hatanyang’anywa mali yake ila kwa hukumu halali ya walio sawa naye, au kwa sheria ya nchi.

Kikisomwa peke yake, kifungu hicho kinasisimua. Soma na majirani zake. Kifungu cha 21 kinasema mabaroni na walio juu yao watatozwa faini na walio sawa nao tu. Cha 6 kinataka warithi waozwe bila kushushwa hadhi, yaani mlezi asimwoze mtoto wa mkubwa kwa mtu wa daraja la chini. Na yale maneno “mtu huru” yaliwaacha nje wakulima wengi wa wakati ule, ambao walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya mabwana zao na hawakuweza hata kuhama bila ruhusa.

Mabaroni hawakuwa wanasema binadamu wote ni sawa. Walikuwa wanamwambia mfalme: usituhukumu kwa mkono wa vibaraka wako, na asituhukumu aliye chini yetu.

Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba.

Baadaye neno likawa cheo kamili. “Peer” akawa mwenye haki ya kuketi Baraza la Malodi, nyumba ya juu ya Bunge la Uingereza, na haki hiyo ikarithiwa na mwanawe wa kwanza wa kiume. Mwaka 1441 Eleanor Cobham, mke wa Duke wa Gloucester, alishtakiwa kwa uchawi dhidi ya mfalme. Mwaka uliofuata Bunge likatamka kwamba wanawake wa daraja hilo nao wahukumiwe na wakuu wenzao kama waume zao. Unaona lilivyopanuka: lango lilifunguliwa kwa wake wa waliokuwa ndani tayari.

Haki hiyo ya kuhukumiwa na malodi wenzako iliishi muda mrefu kupita nilivyodhani. Desemba 1935 Lodi de Clifford alipelekwa mbele ya Baraza kwa kesi ya kuua bila kukusudia, baada ya ajali ya gari iliyomuua mtu. Ajali ya gari, katika karne yenye simu na redio, na waamuzi ni malodi waliovaa majoho. Wakaulizwa mmoja mmoja. Kila mmoja akajibu kwa heshima yake kwamba mshtakiwa hana hatia. Akaachiwa huru. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1948.

## Kesi ya Kitosch

Ningeweza kuishia London. Lakini Waingereza walikuja na kifungu cha 39 mpaka huku kwetu, na huku ndiko kilikonifanya nisilale vizuri.

Katika Koloni la Kenya, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri, yaani jopo la raia ambalo uamuzi wake kuhusu hatia unamfunga jaji. Jopo lenyewe lilikuwa la Wazungu watupu. Mwafrika aliyeshtakiwa hakupewa juri. Alipewa wazee wa baraza, waliokaa pembeni ya jaji na kutoa maoni. Jaji aliyasikiliza, kisha akaamua anavyoona yeye.

Yaani pande zote mbili palikuwa na watu waliohesabiwa kuwa sawa na mshtakiwa. Tofauti ni kwamba wa upande mmoja walikuwa na nguvu, na wa upande wa pili walikuwa na viti.

Mwaka 1923, huko Molo, mlowezi aitwaye Jasper Abraham alimtuma kijana wa kazi, Kitosch, ampeleke farasi jike mwenye mimba. Kijana alimpanda badala ya kumwongoza kwa miguu. Kwa kosa hilo alichapwa viboko, akafungwa kamba, akafungiwa stoo. Usiku huohuo akafa. Mahakamani iliingizwa hoja ya kitabibu kwamba Kitosch mwenyewe alitaka kufa, na kwamba nia hiyo ya kufa ilichangia kifo chake. Juri ya walowezi haikumtia Abraham hatiani kwa kuua. Ilimtia hatiani kwa kujeruhi. Kifungo kikawa miaka 2.

Nimeirudia hoja hiyo mara nyingi. Mtu kafungwa kamba stoo, hana wa kumfungulia, halafu inasemwa mahakamani kwamba alitaka mwenyewe. Waliokaa kuisikiliza walikuwa na mashamba kama ya Abraham, na vijana wa kazi kama Kitosch. Hao ndio walioitwa “walio sawa”, na kwa kweli walikuwa sawa naye. Hapo ndipo ubaya ulipo. Hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye benchi lile aliye sawa na Kitosch.

Na ilipofika kesi ya Kapenguria, mji mdogo wa magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walisimamishwa mbele ya hakimu mmoja, Ransley Thacker, aliyekaa peke yake. Aprili 1953 akawafunga miaka 7 na kazi ngumu. Kifungu cha 39 hakikufika huko milimani.

## Nilipoanza kusita

Kufikia hapo nilikuwa tayari kulitupa neno zima. Nikajisemea, “sawa” ya Waingereza ni ukuta tu: walio ndani wanalindana, walio nje wanahukumiwa.

Kisha nikafika kwenye kesi ya Peter Poole.

Oktoba 1959 jijini Nairobi, Kamawe Musunge aliwarushia mawe mbwa wa Poole waliokuwa wanamshambulia. Poole akampiga risasi na kumuua. Juri ikaundwa kama kawaida, Wazungu watupu, watu wa mitaa ileile na vilabu vilevile. Kwa historia yote iliyotangulia, ungetegemea wamtafutie njia ya kutokea.

Walimkuta na hatia ya kuua kwa kukusudia.

Maombi ya msamaha yakapelekwa, Gavana Renison akayakataa, na tarehe 18 Agosti 1960 Poole akanyongwa. Alikuwa Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Sishangilii kamba. Ila kesi hii imenikatalia urahisi niliokuwa nikiufuata. Ni kweli Kenya ya 1959 haikuwa ya 1923. Uhuru ulikuwa unabisha hodi na kila mtu mle mahakamani alilijua hilo. Lakini nadhani kuna jambo jingine pia. Anayeishi kama wewe anavijua visingizio vyako kuliko mtu yeyote. Ukimwambia “nilishikwa na hasira, mbwa wangu walipigwa mawe,” jaji wa mbali anaweza kukuonea huruma. Jirani yako mwenye mbwa na bastola kama wewe anajua kwamba yeye asingefyatua.

Basi aliye sawa nami anaweza kunificha, na ndiye pia anayeweza kunishika pale ambapo wengine wote nawapiga chenga. Neno lina nyuso hizo mbili tangu mwanzo, na sidhani unaweza kuuchukua mmoja ukauacha mwingine.

## Rika halina mkataba

Sisi tuna njia yetu ya kuhesabu usawa, na haikuanzia kwa wenye vyeo. Ni wakati. Kwa Wamaasai, waliotahiriwa kipindi kimoja wanakuwa rika moja na wanapanda pamoja, kutoka morani hadi uzee. Mtoto wa mwenye ng’ombe wengi na mtoto wa fukara wanaingia mlango mmoja. Huwezi kurithi rika, huwezi kuteuliwa kwenye rika, na huwezi kubaki nyuma mwenzako akisonga.

Ni kweli wanawake wengi walihesabiwa kwa rika za waume zao, kama wake wa malodi. Siwezi kulipita hilo kimya.

Lakini ndani ya rika kuna kitu ambacho fulana haiwezi kukitoa: rika lako lina mamlaka juu yako. Linakutoza, linakukemea, linakutenga. Waelimisha rika wetu wanapewa nini? Posho ya nauli, boksi la vipeperushi, ratiba iliyoandikwa na mtu mwingine. Somo lipi lifundishwe, mara ngapi, kwa fedha kiasi gani, vijana wenyewe hawaulizwi, wala mwelimishaji haulizwi. Nimewaona wakifanya kazi ya kuokoa maisha ya watu kwa moyo mkubwa, na bado kwenye kikao cha kupanga mwaka hawana kiti. Kwangu hilo ni zito kuliko umri wa mama yule. Wameitwa walio sawa na vijana, wakapewa nafasi ya wale wazee wa baraza wa koloni: sema, tumekusikia, kaa.

## Einstein na msomaji asiyejulikana

Wanasayansi nao walilichukua neno hili kwa kazi yao. Ukiandika utafiti, jarida linaupeleka kwa wataalamu wenzako, mara nyingi bila kukutajia majina, waseme kama umesimama. Watu hudhani ni utaratibu wa kale na kale. Jarida la sayansi la Nature lilianza kuusisitiza mwaka 1973 tu.

Mwaka 1936 Albert Einstein alipeleka jarida la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akampelekea mtaalamu mmoja aisome kabla, na mtaalamu akarudisha kurasa kadhaa za kuonyesha hesabu ilipopotea. Einstein alichukia. Akaandika kwamba hakuwa ameruhusu mtu aonyeshwe makala yake kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Ilipotoka kwenye jarida jingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limegeuka.

Msomaji yule alikuwa Howard Robertson. Kwa umaarufu hakumfikia Einstein hata robo. Kwa hesabu ile moja alikuwa sawa naye, na ilitosha.

## Marais wanapokaguana

Mwaka 2003 viongozi wa Afrika walianzisha utaratibu wa nchi kukaguliwa na nchi nyingine: wataalamu wanakuja, wanazunguka, wanaandika ripoti, kisha rais anakaa mbele ya marais wenzake na kuulizwa. Kwa Kiingereza jina lake lina neno hilihili, “peer”. Kwetu Tanzania, iliyojiunga mwaka 2004, unaitwa Mpango wa Afrika wa Kujitathmini. Wenzetu wametoka kwenye jina. Ukisikia “kujitathmini” unamwona mtu na kioo chake, humwoni jirani aliyeingia ndani na kufunua masufuria.

Na jirani ndiye mwenye faida. Ripoti ya Afrika Kusini ya 2007 iliwaonya wakubwa wa nchi hiyo kuhusu chuki dhidi ya wageni. Serikali ya Rais Thabo Mbeki ikaipinga tathmini hiyo. Mei 2008 watu wakaanza kuwindwa kwenye vitongoji vya Johannesburg, na fujo zikasambaa hadi miji mingine. Waliouawa walizidi 60.

Wenzake walimwambia. Hawakuwa na njia ya kumlazimisha asikie.

## Asiye sawa

Kuna neno jingine la ukoo huu ambalo nalipenda. Mwamuzi wa kriketi Waingereza wanamwita “umpire”. Zamani lilikuwa “noumpere”, kwa Kifaransa cha kale asiye sawa, asiye na mwenzi: wa tatu aliyeitwa kuamua kati ya wawili. Herufi ya mwanzo ikadondoka kwa matamshi, na leo hakuna anayeona kwamba “peer” na “umpire” ni ndugu.

Mahakama inawahitaji wote wawili. Inamhitaji asiye sawa na yeyote, ambaye hana undugu wala shamba linalopakana, na inawahitaji walio sawa na mshtakiwa, wanaojua anakotoka. Jaji na wazee wa baraza.

Mjomba wangu alikaa kwenye vikao vya Mahakama Kuu kama mzee wa baraza, miaka ya nyuma. Nilimuuliza kazi ilikuwaje. Aliniambia kwamba alikuwa anavaa kanzu safi na koti, anafika mapema, anaketi, na jaji akimaliza na shahidi anamgeukia: “Mzee, una swali?”

“Na ulikuwa unauliza?”

“Nauliza. Kulikuwa na kesi ya mauaji, kijana kampiga panga shemeji yake. Wakili wa Serikali anasema walikuwa wanagombea mpaka. Nikamuuliza shahidi, siku ile ilikuwa ya ngapi tangu matanga? Akasema ya tatu. Basi. Mahakama nzima ikajua kwamba hawa walikuwa bado wamekaa kilioni, na kwamba pale palisemwa neno. Ukiwa hukukulia kwetu huwezi kuuliza swali lile.”

“Jaji alikubaliana nawe?”

“Aliandika. Kuamua aliamua yeye.”

Alisema hivyo bila kinyongo. Mimi ndiye niliyekaa nacho.

Maana huo ndio ulikuwa utaratibu tuliourithi na kuuendeleza. Maoni ya wazee hayakumfunga jaji. Wakati huohuo jaji akikosea namna ya kuwajumuishia ushahidi na kuwaeleza sheria, Mahakama ya Rufani ilikuwa inafuta mwenendo mzima, na kesi ya mauaji inarudi kuanza upya, mashahidi wengine wamekwisha kufa. Wazee hawakuwa na nguvu ya kuamua, ila kosa dogo katika kuwahudumia liliweza kuivunja kesi. Kenya iliwaondoa wazee wa baraza kwenye sheria mwaka 2007. Tanzania, kwa marekebisho ya 2022, Mahakama Kuu hailazimiki tena kukaa nao.

Wanasheria ninaowafahamu wameshusha pumzi. Nawaelewa, nimeona faili zilivyozeeka. Lakini sikubaliani nao. Ugonjwa ulikuwa kwamba watu wa kwetu walipewa kiti bila kura, na tiba iliyochaguliwa ni kuondoa kiti. Ningetaka tujaribu upande wa pili: wazee wachache, wanawake wakiwemo, na vijana, waliofunzwa, wanaolipwa vizuri, ambao jaji akitofautiana nao lazima aandike sababu zinazoweza kukatiwa rufaa. Mjomba anasema angerudi kesho.